Mwenye nyumba huonja kwanza

Kizibuo kilisahaulika Dodoma. Chupa ilifika, taulo lililoiviringishia lilifika, na kijana aliyeipakata kwenye basi safari nzima naye alifika. Sasa alikuwa amesimama mbele ya wageni zaidi ya mia, chini ya maturubai mawili kando ya migomba ya baba yake wilayani Ngara, akiikodolea macho shingo ya chupa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

MC akajaza pengo kwa vichekesho. Mjomba mmoja akashauri kizibo kisukumwe ndani kwa mpini wa mwiko. Shemeji yangu, mke wa mwenye shughuli, akakataa katakata: mwiko wake haukuchongwa kwa kazi hiyo. Mwisho akainuka jirani mmoja, fundi seremala, akaenda kwake bila kusema neno, akarudi na skrubu ndefu ya mbao na koleo. Akaizungusha skrubu katikati ya kizibo mpaka ikazama robo tatu, akaibana chupa katikati ya magoti, akaishika skrubu kwa koleo, akavuta. Kizibo kikatoka kwa mlio mdogo, na vigelegele vilivyopigwa vilizidi vile vya keki.

Kijana akamimina kidogo sana, kimo cha kidole kimoja, akampa baba yake kwa mikono miwili. Yeye peke yake. Wengine tukabaki na glasi tupu.

"Mwenye shughuli anapimiwa dawa ya kikohozi?" akauliza mtu wa viti vya nyuma, na ua mzima ukaangua kicheko.

Mtu mmoja hakucheka. Mama mzazi wa mwenye shughuli, bibi wa miaka zaidi ya 80, alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Tangu asubuhi alikuwa amekataa kila kitu kilichotoka kwenye chupa, soda ikiwemo. Lakini glasi ile ndogo aliifuata kwa macho, kutoka mkono wa mjukuu hadi mdomo wa mwanawe.

Sitini ya lazima

Mwenye shughuli ni rafiki yangu wa karibu miaka 40. Tulikutana Biharamulo mwishoni mwa miaka ya 1980, walimu vijana wawili, kila mmoja na sanduku lake la bati na godoro la sponji, tukapewa nyumba moja iliyotazama upande wa boma la Wajerumani. Yeye alifundisha hisabati, mimi Kiswahili. Kwenda Bukoba likizo ilikuwa safari ya kuaga, kwa kuwa kuna miaka mabasi yalisubiriana ili yasindikizwe na polisi wenye silaha kupita pori la Kasindaga. Mimi niliiacha chaki nikaingia kwenye magazeti. Yeye hakuiacha. Alihamishiwa kwao Ngara, akafundisha watoto, kisha watoto wa watoto hao.

Siku yake ya kuzaliwa haikuwahi kusherehekewa hata mara moja. Wazazi wetu walihesabu umri kwa matukio: njaa fulani, mvua fulani, mwaka daraja liliposombwa. Mama yake anasema alimzaa msimu wa senene, wakati wakimbizi kutoka Rwanda wamekwisha kuanza kulima Muyenzi. Padri wa Rulenge ndiye aliyeigeuza simulizi hiyo kuwa tarehe: Novemba 1965, kwenye cheti cha ubatizo, kwa wino wa bluu uliofifia mpaka ukawa rangi ya moshi.

Tarehe hiyo ndiyo iliyomfikisha chini ya maturubai. Mtumishi wa umma wa Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 hana hiari tena. Kwa hiyo mishumaa ile iliwaka kwa mambo mawili, na walimu wenzake hawakumwacha salama: kila aliyeshika kipaza sauti alimuuliza kama kikokotoo cha pensheni kimetoka sawasawa. Zamani kikokotoo kilikuwa chombo cha somo lake. Siku hizi ukilitaja neno hilo mbele ya watumishi, wote wanakaa sawa vitini.

Watoto ndio waliobuni shughuli. Waliopata kazi wametawanyika, mmoja Dodoma, mwingine Mwanza, mwingine Biharamulo. Wakakubaliana kwamba kila mmoja alete kinywaji cha huko anakoishi, baba aonje, atoe alama kama alivyokuwa akisahihisha madaftari. Baba mwenyewe maisha yake yote alikuwa mtu wa vitu viwili: chai ya rangi na rubisi.

Milango mitatu

Kabla ya glasi kujaa, jina lenyewe la kinywaji lilizua ubishi. Katekista alisema hiyo ni divai. Ratiba ya MC iliandikwa mvinyo. Vijana wote walisema waini. Wote walikuwa sahihi, maana kila jina limeingia kwenye Kiswahili kwa mlango wake.

Mvinyo limetokana na vinho ya Wareno, ambao walitolewa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698 wakaacha nyuma neno hilo pamoja na meza na leso. Divai linanuka uvumba: asili yake ni du vin ya Kifaransa, ndilo neno la altareni na la Biblia, ndiyo iliyowaishia watu kwenye arusi ya Kana. Waini ni Kiingereza, na umaarufu wake umekua na supamaketi na kumbi za harusi.

Mtoto wa Ngara aliyezaliwa 1965 alikutana kwanza na divai, lakini kwa macho tu. Padri aliinyanyua kalisi, padri akainywa, muumini akapokea hostia akarudi kwenye benchi. "Miaka hamsini naiona kutoka benchi la saba," rafiki yangu aliniambia, "leo ndiyo nimepandishwa darasa."

Alama za mwalimu

Ya Dodoma ilikuwa nyekundu, ya zabibu za Makutupora. Kijana, ambaye amekaa huko miaka kadhaa, alitueleza jambo ambalo wengi hatukulijua. Mizabibu ya Dodoma inahusishwa sana na wamisionari wa Bihawana, waliohitaji divai ya misa mbali na bandari. Leo mashamba yako Makutupora, Hombolo na vijiji vingi vya jirani, katika nchi kame ambayo mtu wa Ngara, aliyezoea vilima vya kijani na ukungu wa asubuhi, angeisikitikia. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima anaupogoa, unachipua tena, na anavuna mara mbili kwa mwaka.

Mwalimu akaonja ile kidogo, akaizungusha mdomoni, akameza. Tukasubiri.

"Inakamata ulimi," alisema. "Kama ndizi mbichi."

Kijana nusura aruke. Hicho hasa ndicho wataalamu wanachokitafuta kwenye mvinyo mwekundu, na kinatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu zinazochachushwa pamoja na maji yake. Utomvu wa ndizi mbichi una jamaa yake, na chai iliyosahaulika jikoni pia. Kiswahili kina jina lake tangu zamani: ukakasi. Tunao pia ugwadu wa ukwaju na embe bichi, uchachu wa maziwa ya mgando, ukali wa pilipili. Bibi zetu walitumia maneno hayo jikoni kila siku, na hakuna aliyewaita waonjaji.

Alama: saba kwa kumi. "Tatu nimezikata kwa sababu ya kizibo."

Binti wa Mwanza alileta nyeupe ya Afrika Kusini, kwenye boksi lenye bomba dogo. Wazee walilisogelea wakalibonyeza. Ndani ya boksi mna mfuko unaonywea kadiri kinywaji kinavyopungua, hivyo hewa haiingii, na mvinyo unakaa wiki kadhaa baada ya kufunguliwa. Kule Rasi ya Tumaini Jema hii ni biashara kongwe: Jan van Riebeeck aliandika kwenye shajara yake kwamba mvinyo wa kwanza wa pale ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659.

Huu ulinukia mapera na limau, na ulikuwa na ugwadu wa kuamsha mate. Peke yake ulipata sita. Kisha wageni kutoka Muleba wakafungua ndoo yao ya senene, waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, wakavu, wanaolia kwenye meno. Mwalimu akatafuna, akanywa, akanyamaza, akatafuna tena. Mafuta ya senene hupaka ulimi, na ugwadu wa mvinyo huusafisha, kwa hiyo kila tonge linakuwa kama la kwanza. Alama zikapanda hadi nane na nusu, na boksi likaisha kabla ya hotuba ya mkuu wa shule.

Wa Biharamulo walileta aina mbili, zote kutoka kikundi cha akina mama ambacho binti mdogo ni mwanachama wake. Ya kwanza ni ya rozela, ambayo wengine huiita choya: maua yaliyokaushwa, yakachemshwa, yakatiwa sukari na hamira. Binti alitufafanulia mtambo wao wote, nao ni ndoo yenye mfuniko uliobana, mfuniko umetobolewa ukapitishwa mpira mwembamba, na ncha ya mpira imezamishwa kwenye chupa ya maji. Gesi ya kuchacha inatoka ndani ya maji, blu, blu, blu, na hewa ya nje haipati njia ya kurudi. Vile viputo vikikoma, wanajua hamira imemaliza kazi. Rangi yake ni nyekundu ya kitambaa cha altare, na utamu ulikuwa mwingi.

"Hii ni juisi iliyokwenda chuo," mwalimu alisema, akaipa saba ya kuwatia moyo.

Ya pili ilikuwa ya ndizi, ya njano, angavu kiasi kwamba ungesoma gazeti upande wa pili wa glasi. Hapo wazee walikaa mkao wa kula. Mvinyo wa ndizi si ndoto: Arusha, kampuni ya Banana Investments imekuwa ikiuza ndizi ndani ya chupa tangu miaka ya 1990, na jina la Raha linajulikana baa nyingi. Kwa akina mama wa Biharamulo, kinachotenganisha chupa ya kuuza dukani na chupa ya kumpelekea shangazi ni alama ya TBS na stempu ya kodi, na kufika huko ni safari ya makaratasi na fedha ambayo bado wako katikati yake.

Mwalimu aliinusa kwa muda mrefu. "Naifahamu," alisema. "Ni rubisi iliyovaa tai."

Rubisi haisubiri

Saa tisa alasiri rubisi yenyewe ikaingia, haina tai wala kizibo. Wanaume wanne waliibeba katika madumu na chungu kimoja kikubwa kilichofunikwa kwa jani la mgomba.

Ilianza kuandaliwa zaidi ya wiki moja kabla. Ndizi za pombe, ambazo Kagera wengi huziita mbire, na kisubi zilizochanganywa humo kwa ajili ya utamu, zilikatwa zikiwa zimekomaa, zikafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani makavu ya migomba na kupashwa moto ili ziive kwa pamoja. Zilipoiva zilimenywa, zikatiwa kwenye bwato, yaani mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, pamoja na nyasi ngumu. Nyasi ndizo meno ya kazi hii. Watu wakikanyaga au kukamua kwa mikono, nyasi hushika nyama ya ndizi na kuachia maji peke yake. Maji hayo huchujwa, hutiwa maji ya kawaida kwa kipimo anachokijua mpishi, kisha mtama uliokaangwa na kusagwa. Hufunikwa kwa majani, na kesho yake inachemka bila moto.

Kuanzia hapo kuna haraka. Jana yake bado ni tamu kama ya watoto, leo ni rubisi, kesho ni kali, keshokutwa ni siki. Hakuna ghala la rubisi, wala hakuna mtu anayejisifu kuwa na rubisi ya mwaka 1998. Mvinyo wa chupa unaweza kumsubiri mtu kabatini mpaka apate nafasi, hata kama atakunywa peke yake usiku taa zikiwa zimezimwa. Rubisi haimsubiri mtu. Ukishaikamua inabidi uite majirani, na usipokuwa na majirani, umepoteza ndizi zako. Ng'ambo ya mpaka Warundi huita pombe yao ya ndizi urwarwa na Wanyarwanda urwagwa, na kote huko sheria ni hiyo hiyo.

Kuna miaka ambapo hata ndizi zenyewe zilikuwa shida. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria uligunduliwa Kagera, Muleba, ukitokea upande wa Uganda. Mgomba unanyauka ukiwa umesimama, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zimeoza na zina rangi ya kutu. Wadudu wanaofuata utamu wa ua dume hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba, na baadhi ya migomba ya pombe huumia kuliko mingine. Dawa ni kazi: kung'oa ulioumwa, kuchoma panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kulivunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata. Rafiki yangu alipoteza nusu ya shamba. Nyuma ya turubai, kwenye ukuta wa jiko, kijiti chake chenye panda bado kimeegemezwa, kimelainika pale anapokishika.

Glasi ndogo

Chungu kilipotua, mwenye shughuli aliinuka. Akachota kwa kibuyu, akanywa yeye kwanza, mbele ya watu wote, akameza. Ndipo akampa mama yake, kisha wazee kwa umri wao. Hakuna aliyeuliza kama anapimiwa dawa, kwa kuwa kila aliyekua huku anaijua maana yake: mwenye nyumba anaonja kwanza ili mgeni aone kwamba kilichomo hakina ubaya. Anaiweka roho yake rehani kabla ya kuomba uweke yako.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea saa tano asubuhi. Baba alipoimeza ile kidogo ya Dodoma, na kabla kicheko hakijaisha, bibi alinyoosha mkono kutoka mkekani. "Sasa nipeni na mimi." Kijana alishangaa akampelekea, akachuchumaa kumweleza kwamba huo ndio utaratibu wa hoteli kubwa: aliyeagiza chupa huonjeshwa kwanza, kwa maana kizibo kikiingiwa na kuvu, mvinyo hunuka kama boksi lililolowa mvua. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Waliokufundisha," alimwambia, "walilelewa."

Mwalimu alilisimulia jambo moja kwenye hotuba yake ya jioni, na ndilo lililoufanya ua utulie. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaingia Ngara wakielekea mahali palipokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Benaco. Yeye alikuwa mwalimu shule ya karibu na barabara. Mama yake alipika uji kwenye sufuria la misiba, akaubeba hadi kando ya lami. Mwanamke wa kwanza kumfikia alikuwa na mtoto mgongoni. Aliutazama uji, akarudi hatua moja nyuma.

"Lugha zetu zinasikilizana," mwalimu alisema. "Mama alimkaribisha, yule mwanamke akaelewa kila neno. Lakini alikuwa ametoka mahali ambapo maneno yalikuwa yamekwisha kazi. Mama akachota kata moja, akanywa yote. Akachota ya pili, akampa."

Hakuongeza funzo. Alimgeukia mama yake, akainamisha kichwa, akakaa. MC, ambaye kazi yake ni kujaza kimya, kwa mara ya kwanza siku hiyo alikiacha kimya kijijaze.

Asubuhi

Nililala hapo. Baridi ya Ngara alfajiri haina utani, na niliwakuta akina mama wamekwisha kuwasha moto, wakisuuza chupa tupu na kuzipanga juani vichwa chini. Ya rozela ilikuwa imekwisha kutengwa kwa ajili ya asali. Ya Dodoma itawekwa mafuta. Boksi la Afrika Kusini walikuwa nalo watoto, mfuko wake umepulizwa ukawa mpira.

Rubisi iliyobaki ilikuwa imeshakuwa kali, na vijana waliokuja kung'oa maturubai waliimaliza wakiwa wamesimama.

Ilibaki chupa moja haijafunguliwa, ya pili ya Dodoma, pacha wa ile iliyotaabisha watu. Bibi aliiomba. Akaiviringisha kwenye kanga kuukuu, akaingia nayo ndani, tukasikia kifuniko cha sanduku la bati kikifunguka na kufunga.

"Ya sabini," alisema alipotoka.

Kijana alinivuta pembeni. "Baba mdogo, mvinyo ule haujatengenezwa kukaa miaka 10. Utakuwa siki. Nimwambie?"

Nilitazama mkekani. Mama alikuwa anatafuna senene waliobaki, mmoja mmoja, taratibu, na mwanawe wa miaka 60 alikuwa ameketi kando yake akimchambulia mabawa.

"Mwache," nilimwambia. "Ukija, njoo na kizibuo."